Mzazi aliyepooza akirudi nyumbani: kupanga kazi ya kumuuguza ili isimlemee mtu mmoja

Wodini, mgonjwa wa kiharusi hugeuzwa, hulishwa na kupewa dawa na wauguzi wanaopokezana zamu, na kila kinachofanyika huandikwa kwenye faili. Akiruhusiwa, kazi ileile hubebwa na mtu mmoja bila maandishi yoyote: binti ambaye hajaolewa, mke wa kijana wa mwisho, au mke wa mgonjwa ambaye naye ni mzee. Wiki za kwanza mambo huenda. Baadaye mgongo wa mlezi unaanza kuuma, dozi zinarukwa, kidonda kinatokea juu ya makalio, na ndugu wanaanza kulaumiana kwenye simu.

Mwongozo huu unamhusu mzazi aliyepooza upande mmoja na asiyeweza kujihudumia, ingawa sehemu kubwa inamfaa pia mzee aliyedhoofika kwa umri tu. Umepangwa kwa lengo moja: kila kazi ifahamike na kuandikwa kiasi kwamba mtu wa pili akiingia leo jioni aweze kuishika.

Hatua ya 1: Kabla hajatoka wodini

Usipokee karatasi ya kuruhusiwa ukaondoka. Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu, na uandike humo majibu ya maswali haya:

- Anameza vizuri? Maji matupu anaruhusiwa, au vyakula vizito tu?
- Kila dawa ni ya nini, inanywewa saa ngapi, na ipi kati ya zile za zamani imesimamishwa?
- Kama ana mpira wa mkojo, uliwekwa lini na ubadilishwe lini? (Mipira haifanani. Ya latex hubadilishwa mapema kuliko ya silikoni.)
- Presha yake wanataka ibaki chini ya namba gani?
- Kliniki ni lini, na tumpigie nani likitokea jambo usiku?

Kisha mwombe mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) akuache wewe umgeuze na kumkalisha mzazi mbele yake, yeye akurekebishe. Ukimtazama tu akifanya, ukifika nyumbani mikono haitajua pa kushika.

Kwa walio Tanzania, pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo wana msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Msamaha haumaanishi kwamba dawa zitakuwepo dirishani siku zote, kwa hiyo fungu la dawa lazima litengwe hata hivyo. Mwenye ajira anayechangia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) anaweza kumwandikisha mzazi miongoni mwa wategemezi wake. Familia nyingi hukumbuka hilo mgonjwa akiwa tayari kitandani, wakati nafasi zimeshajazwa.

Hatua ya 2: Kikao cha ndugu, na kiandikwe

Kikao kifanyike wiki ya kwanza, watu wakiwa bado na uchungu wa jambo. Waliopo mbali waingie kwa simu. Kuna nafasi nne za kugawa, na si vizuri mtu mmoja ashike mbili:

Mlezi wa kila siku. Mshika zamu, yaani atakayempumzisha huyo wa kwanza usiku na siku moja ya wiki. Mshika fedha. Mtu wa kliniki, anayetunza faili, tarehe na usafiri.

Kwenye fedha, anzeni na orodha ya matumizi kabla ya kutaja nani atatoa kiasi gani. Pampasi za watu wazima ni 3 hadi 4 kwa siku, yaani 90 hadi 120 kwa mwezi. Hapo peke yake ndipo bajeti za wengi huvunjika. Ongezeni dawa, sabuni, glavu, usafiri wa kliniki kwenda na kurudi, chakula laini, na akiba ya teksi ya usiku ambayo haiguswi kwa jambo lingine. Gaweni jumla, pangeni tarehe moja ya kutuma baada ya mishahara, na pesa iende kwenye laini moja ya simu isiyotumika kwa matumizi binafsi ya mtu yeyote. Mshika fedha atume hesabu kila mwisho wa mwezi, hata kama hakuna aliyeuliza. Ugomvi mwingi wa ndugu huanzia kwenye hesabu isiyoonekana.

Kazi ya mlezi nayo ihesabiwe kama mchango. Aliyeacha biashara yake ya genge ili akae na mama ameshatoa, na kumwongezea "naye achangie kidogo" ni kumtoza mara mbili. Zaidi ya hapo atengewe pesa yake ya mwezi, hata ikiwa ndogo, ili asiombe hela ya vocha kwa wadogo zake.

Mkiamua kumwajiri dada wa kazi, mwajirini kwa mgonjwa au kwa nyumba. Dada yuleyule akipika, akifua, akipeleka watoto shule na kumgeuza mzee, cha kwanza kuachwa kitakuwa kugeuza, kwa sababu hakuna anayekiona kikiachwa.

Hatua ya 3: Chumba

Kitanda kiwe cha urefu wa magoti, sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Kikiwa chini sana mlezi anaumia mgongo, kikiwa juu miguu ya mgonjwa haigusi chini anapokaa. Kiwekwe mbali na ukuta ili watu wasimame pande zote mbili. Ondoa mikeka na mazulia madogo, na acha taa hafifu iwake usiku.

Godoro la sponji likishabonyea katikati halifai. Lipime hivi: mgonjwa akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio. Ukihisi mfupa au uzito wake karibu kabisa na mkono, sponji imekufa. Chini ya makalio tandika kipande cha nailoni, na juu yake shuka au khanga ya pamba. Nailoni ya kitanda kizima inaleta jasho, na ngozi yenye unyevu huchubuka upesi.

Kwa nyumba zenye choo cha kuchuchumaa, watu wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Kiti hicho hudhoofika kikikatwa, na miguu yake huteleza kwenye vigae vilivyolowa. Afadhali fundi seremala atengeneze cha mbao: urefu wa sentimita 45, tundu la sentimita 20 hadi 25, mikono ya kushikia pande zote, kingo zipigwe msasa na varnishi ili kisafishike, na ndoo ipite chini.

Hatua ya 4: Kumgeuza na kulinda ngozi

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kidonda cha kulala hakisababishwi na uchafu peke yake. Uzito wa mwili unaubana mshipa mdogo kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama inakufa kuanzia ndani. Ndiyo maana kidonda kikionekana juu kikiwa na ukubwa wa shilingi, ndani huwa kimeshatanuka.

Mchana mgeuze kila baada ya saa 2: mgongo, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kisha anza tena. Akiwa kitini, anayeweza kujinyanyua ajinyanyue kidogo kila baada ya dakika 15 hadi 30. Asiyeweza asikalishwe zaidi ya saa moja mfululizo. Usiku, kwa godoro zuri, unaweza kusogeza hadi saa 4, mradi ngozi ya asubuhi iwe haina alama. Ikiwa na alama, rudi kwenye mbili.

Namna ya kugeuza ukiwa peke yako:

1. Simama upande unaotaka aelekee. Hii inazuia asidondoke.
2. Kunja goti lake la mbali na uweke mkono wake wa mbali juu ya kifua.
3. Shika bega la mbali na nyonga ya mbali, mvute taratibu kuelekea kwako.
4. Kama anaelekea upande uliopooza, litoe kwanza bega lake mbele kidogo ili asililalie.
5. Weka mto mgongoni ili alale nusu ubavu, kama nyuzi 30. Kulala ubavu kamili kunamkalisha juu ya mfupa wa nyonga.
6. Mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, visiguse godoro.

Kumvuta juu mgonjwa aliyeteleza ni kazi ya watu wawili. Kunja shuka mara mbili, ipite chini yake kutoka mabegani hadi mapajani, kila mmoja ashike pande zake karibu na mwili, mnyanyue kidogo na kumsogeza. Kumburuta kunachuna ngozi ya makalio hata kama haionekani siku hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, kichwa cha kitanda kisiinuliwe sana isipokuwa wakati wa kula. Akikaa amejiegemeza huku anateleza, ngozi inabaki nyuma na mfupa unaenda mbele.

Kagua ngozi asubuhi na jioni, kwenye mwanga: juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, nyuma ya kichwa na masikio. Vitabu husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, kwa hiyo tafuta sehemu iliyoiva weusi au kuwa ya zambarau kuliko jirani yake, yenye joto, iliyokaza au iliyolainika isivyo kawaida. Ukiiona, asiilalie kabisa mpaka ipone, na usiikande. Kukanda kunaumiza zaidi nyama iliyokwishabanwa. Pete za mpira za kukalia nazo ziacheni, zinabana damu kuzunguka tundu.

Ngozi ikishafunguka, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, funika kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), na mpeleke kituo cha afya akaonwe. Spiriti, majivu, unga wa kapsuli za antibayotiki na dawa ya meno vyote vimewahi kuwekwa kwenye vidonda hivi na havisaidii. Nyama nyeusi, harufu, usaha au homa ni hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kula na kumeza

Kiharusi mara nyingi hulegeza koo, na chakula kinachopita njia ya hewa huleta nimonia. Mkalishe wima kabisa, miguu imeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo. Lisha kwa kijiko cha chai, upande wenye nguvu, subiri ameze ndipo uongeze. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acha na umpeleke aangaliwe. Baada ya kula abaki amekaa dakika 30, kisha pitisha kidole chenye gozi kwenye shavu lililopooza. Mabaki hujificha hapo. Mswaki mara mbili kwa siku, hata kama hana meno.

Vinavyomfaa asiyemeza vizuri ni vyakula laini vya namna moja: uji mzito, mtori uliosagika, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, parachichi, mtindi. Vinavyosumbua ni maji matupu, wali unaotawanyika mdomoni, mkate mkavu, na supu yenye vipande, kwa sababu koo linatakiwa kushughulikia maji na nyama kwa wakati mmoja.

Maji, kwa namna aliyoruhusiwa kumeza wodini, yafike kama lita moja na nusu kwa siku, glasi sita, isipokuwa daktari wa moyo au figo amesema vinginevyo. Sehemu kubwa ainywe kabla ya saa 12 jioni ili usiku pasiwe na nepi nyingi. Usimnyime maji ili asikojoe. Walezi waliochoka hufanya hivyo kimyakimya, na matokeo yake ni choo kigumu, maambukizi ya mkojo na kuchanganyikiwa.

Chumvi ya siku nzima, ndani ya vyakula vyote, isizidi kijiko kimoja cha chai. Wanaosema "hatumwekei chumvi" husahau viungo vya pakiti vya mchuzi, na husahau magadi kwenye maharage, ambayo nayo yana sodiamu.

Hatua ya 6: Dawa na vipimo

Chora jedwali la wiki: mistari ni saa, safu ni siku. Bandika mlangoni. Anayetoa dawa aweke herufi yake palepale dawa inapomezwa, siyo jioni kwa kukisia. Agiza dozi mpya zikiwa zimebaki za siku 7.

Makosa manne yanajirudia. Kwanza, kuacha dawa ya presha kwa sababu "imeshuka". Imeshuka kwa sababu anaimeza. Pili, kumpa dawa ileile mara mbili kwa kuwa duka lilitoa paketi yenye jina tofauti la kibiashara. Soma jina dogo lililoandikwa chini, kama amlodipine au losartan. Tatu, kusaga vidonge vinavyotolewa taratibu mwilini, mfano nifedipine retard. Vikisagwa, dozi ya siku nzima inaingia kwa pamoja na presha inaweza kuporomoka. Mwulize mfamasia kabla ya kusaga chochote. Nne, diklofenaki ya maumivu kutoka duka la mtaani, inayopandisha presha na kuumiza figo za mzee.

Presha pima akiwa ametulia dakika 5, kwenye mkono usiopooza, mkono ukiwa usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote.

Mwenye kisukari akitoka jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asiwekewe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Hatua ya 7: Kumtoa kitandani

Kiti kiwe upande wake wenye nguvu, kikigusana na kitanda. Mfunge khanga imara kiunoni, ndiyo mshikio wako. Nyayo zake zikanyage chini, goti lako lizuie goti lake lililolegea. Ainame mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, hesabuni pamoja, anyanyuke, mgeuke, akae. Asikushike shingoni, na usimnyanyue kwa kwapa wala kuuvuta mkono uliopooza: bega hilo halina misuli ya kulishika na huchomoka, kisha maumivu yake hubaki kwa miezi. Nguo ianze kuvalishwa mkono uliopooza, na iwe ya mwisho kuvuliwa huko.

Hatua ya 8: Kuoga na haya

Baba wa Kiswahili anaweza kukataa kuoga siku nne kwa kuwa mwogeshaji ni mkwe wake. Huo si ukaidi. Amueni mapema nani anafaa: mara nyingi ni mtoto au mjukuu wa jinsia yake, na mjukuu ana nafuu ya utani. Asipokuwepo, funika kwa khanga na ufunue sehemu moja baada ya nyingine, na sehemu za siri aoshe mwenyewe kwa mkono wake mzima akiweza. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Aliyepoteza kauli bado anaweza kuwa anaelewa mazungumzo yote, pamoja na yale ya gharama zake mnayoyazungumzia mlangoni.

Hatua ya 9: Mambo yasiyosubiri asubuhi

Uso kuvutwa upande, mkono kulegea ghafla, maneno kuvurugika: kiharusi kingine. Angalia saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho na uiandike, kwani sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Presha iliyozidi 180 juu au 120 chini pamoja na maumivu makali ya kichwa, ya kifua au kupumua kwa shida, pia ni safari ya hospitali.

Na hili linapuuzwa kuliko yote: mzee aliyekuwa anazungumza vizuri jana, leo hawatambui watu au anaona vitu. Uzee haubadiliki kwa usiku mmoja, na kabla ya mtu yeyote kutaja jirani mchawi, mpimeni mkojo, malaria, sukari na upungufu wa maji. Ukagueni pia mguu mmoja ukivimba na kuuma. Damu inaweza kuwa imeganda.

Hatua ya 10: Zamu ya kweli

Mlezi alale usiku mzima bila kuamshwa angalau mara mbili kwa wiki, na awe na siku moja ya kutoka nje ya geti. Wageni wanaokuja kumwona mgonjwa wapewe kazi. Wenyewe tunasema siku ya tatu mpe jembe. Hapa apewe siku ya kwanza, hata ikiwa ni kushika upande wa shuka. Ndugu walio Dar es Salaam, Muscat au Ulaya watenge sehemu ya likizo yao kuja kushika zamu nzima, wakati mlezi anaondoka kabisa nyumbani. Akibaki, ataitwa.

Mlezi anayemfokea mzazi, anayelia bila sababu, asiyepata usingizi hata anapopata nafasi au anayerudia kumeza dawa za maumivu ya mgongo tayari amepita kiwango. Kumwambia avumilie, Mungu atamlipa, hakumpunguzii hata ugeuzaji mmoja. Mwongezeeni mtu.

Kabla ya zamu ndefu fanyeni jaribio la siku moja. Mlezi aondoke saa 1 asubuhi arudi saa 12 jioni, na anayebaki awe na daftari na jedwali tu. Kila swali atakalolazimika kumpigia simu, kama glavu ziko wapi, uji unakuwa mzito kiasi gani, mto wa miguu ni upi, liandikwe pamoja na jibu lake kwenye daftari jioni hiyohiyo. Wiki inayofuata rudieni na mtu mwingine.